Mwalimu Aliyemchora Kolong

Watu wengi wanaomjua Mwalimu siku hizi wanamjua kwa sababu ya Kolong. Mimi nilimjua kabla ya hapo, akiwa mwalimu wetu wa sanaa hapa Kitengela, mtu mrefu mwenye chaki kwenye nywele. Alikuwa akiingia darasani bila kusalimu, anaanza kuchora ubaoni kitu ambacho hatukukitambua mpaka karibu na mstari wa mwisho. Sisi tulikisia. Jembe. Punda. Mwanamke anafua. Aliyepata kwanza alikaa mbele siku hiyo, na wenzake walimwonea wivu kama amepewa cheo.

Alikuwa mkali kwa mambo madogo na mpole kwa makubwa. Ukija bila kuchonga penseli, ulisimama nje mpaka kipindi kiishe. Ukivunja dirisha, alikuuliza tu kama umejikata. Kanisani alifika amechelewa kila Jumapili, na bado Jumatatu aliwachapa maneno wanafunzi waliochelewa, bila aibu yoyote. Chai aliinywa akiwa amesimama. Ukimpa kiti alikishukuru, akaweka mfuko wake juu yake, akaendelea kusimama.

Michoro ya wanafunzi hakuisifu. Aliitazama kwa muda, kisha akauliza, "Huyu mtu anaenda wapi?" Kama hukujua, alikurudishia karatasi. Nilidhani ni swali la kututesa. Baadaye, nilipoanza kufanya kazi naye, nikaona hata yeye alijiuliza hivyo kwa kila mtu aliyemchora.

Alipostaafu nilikuwa nimefungua duka langu nyuma ya soko, la kupiga chapa, kutoa kopi na kupiga picha za pasipoti. Alikuja asubuhi moja na bahasha kubwa, akatoa karatasi moja kama mtu anayetoa yai.

"Mashine yako inaweza kuingiza hii kwa kompyuta bila kuharibu vivuli?"

"Inaweza, Mwalimu."

"Na maneno? Mwandiko wangu ni wa daktari. Nataka mtu wa kuniwekea maneno kwa midomo yao."

Hivyo ndivyo nilivyoanza kuweka maneno kwenye midomo ya Sirua na Kolong.

Mwanafunzi wake wa zamani alikuwa amemletea rundo la manga, vile vitabu vya katuni za Kijapani ambavyo vijana wetu wanavisoma kwenye simu. Mwalimu alivisoma vyote kwa miwani yake ya Biblia. Hakujali sana hadithi zenyewe. "Hawa watu wanajua kuchora upepo," aliniambia. Akaamua kuchora ya kwake, ya hapa kwetu, yenye nyasi zetu na vumbi letu, na mashujaa wa zamani sana, wa wakati ambapo jua na mvua vilikuwa vinatembea duniani kama watu.

Hadithi ilikuwa nyepesi kueleza. Sirua alikuwa shujaa wa maji. Alilinda chemchemi ya mwisho katika nchi kavu. Kolong alikuwa shujaa wa jua; jina lenyewe limetoka kwenye neno la Kimaasai la jua. Alikuja na moto na kiangazi, akakata kila ukuta Sirua aliojenga. Walipigana sura baada ya sura. Sirua alikuwa mpole, mwenye macho ya huruma. Kolong alikuwa na jicho moja lililofumba nusu, na kovu la kuungua kutoka sikioni mpaka taya, na namna ya kubeba fimbo mabegani, mikono yote miwili ikining'inia juu yake.

Vijana waliipenda. Tuliiweka kwenye mtandao sura moja kila mwezi, na nyingine nilizichapa, na karibu kila kinyozi wa Kitengela alikuwa na nakala iliyochakaa kwenye benchi. Watu wa bodaboda walibandika Kolong kwenye tangi la pikipiki. Hilo lilimshangaza Mwalimu, kwamba walimpenda Kolong kuliko Sirua.

"Kwa nini huyu mbaya?" alimuuliza kijana mmoja aliyekuja kuchapa picha yake kubwa.

"Mwalimu, Sirua ako tu poa. Lakini Kolong, ukimwangalia, unaona kuna kitu alifanyiwa."

Mwalimu aliweka kikombe chini. Wakati huo sikuelewa.

Nilichokuja kuelewa nilikipata kwa vipande, kingine kwa mke wake, kingine kwake mwenyewe, naye alikitoa akiwa ameangalia karatasi na si mimi.

Alikuwa na rafiki, mzee wa Bisil anayeitwa Lemayian. Walijuana wakiwa vijana, Mwalimu akiwa amefika tu Kajiado kufundisha na Lemayian akiwa anauza mbuzi. Lemayian alikuwa amesoma mpaka sekondari, na alikuwa msimulizi. Likizo walikaa siku nzima nyumbani kwake, yeye akisimulia juu ya mashujaa, Mwalimu akichora kwenye maboksi ya sabuni. Sirua alitoka mdomoni mwa Lemayian. Kolong pia. Kwenye hadithi aliyoisimulia Lemayian, wawili hao hawakupigana hata mara moja. Walikuwa wanabadilishana zamu.

Mwalimu alipotaka shamba, ni Lemayian aliyempeleka upande wa chini ya Kitengela, akazungumza na majirani kwa niaba yake, akawaambia, "Huyu ni wangu. Mkimwona ni kama mmeniona." Shamba lilikuwa pembeni ya silanga, bwawa lililochimbwa la kunyweshea mifugo, na njia ya ng'ombe ilipita katikati. Walikubaliana kwa mdomo kwamba njia itabaki wazi. Ilibaki wazi miaka mingi. Kisha Mwalimu akapanda sukuma wiki na nyanya, akanunua pampu, akazungushia seng'enge. Aliweka lango, akamwambia rafiki yake kwamba lango ni la kufunguliwa tu.

Kiangazi kikaja, kile kibaya, na silanga ikapungua ikawa tope katikati na maji kidogo pembeni, upande wa Mwalimu. Lemayian alitembea na ng'ombe wake kutoka Bisil. Alipofika, lango lilikuwa na kufuli. Mwalimu alikuwa ndani ya shamba, anamwona. Hakufungua. Aliniambia alifikiria mboga zake, na pampu, na kwamba wakipita hawa watapita wengine. "Nilisema nitamfungulia jioni," aliniambia. "Nikasema wacha kwanza nimalize kumwagilia."

Lemayian alingoja mchana wote. Kisha akakata seng'enge. Mwalimu akapiga simu polisi, wakaja, wakamchukua. Ng'ombe waliachwa pale na mtoto wa jirani, bila maji, kwa sababu seng'enge ilikuwa imeshafungwa tena kwa waya. Walipomwachilia Lemayian kutoka seli, ng'ombe wengi walikuwa wameanguka, wamekufa.

Hawakusemezana tena. Mwaka uliofuata Mwalimu akastaafu, akaanza kuchora shujaa mpole anayelinda maji, na adui mwenye kovu anayekata kuta.

Nilipojua hayo nilirudi kwenye sura zote nilizoziwekea maneno. Niliona lile kovu kwa macho mengine.

Wala Mwalimu hakuwa mtu wa kujisahau. Ndilo lililonichanganya. Nje ya shamba lake aliweka mfereji, na kikombe cha plastiki kilichofungwa kwa kamba, ili mtu yeyote anayepita anywe. Akitoka asubuhi alikagua kwanza kama unatoa maji. Akisikia mtu ana kiu dukani kwangu, alitoka mwenyewe kwenda kumnunulia maji ya chupa, hata mvua ikinyesha. Lakini seng'enge hakuiondoa, na lango aliliacha na kufuli. Shule iliposafiri kwenda Namanga, alipokuwa bado anafundisha, alisema anaumwa, kwa sababu barabara inapita Bisil. Sherehe za majirani wa Kimaasai hakwenda, ingawa walimwalika. "Watanipa chai," alimwambia mke wake. "Nitaishika vipi?"

Nilimuuliza mara moja kwa nini haendi tu kwa huyo rafiki kumwomba msamaha. Alikuwa anafuta mstari kwa kifutio, akifuta sana kuliko ulivyohitaji.

"Msichana wangu, nikienda pale kumwomba, yeye ndiye atakuwa na kazi. Atabidi aamue. Mimi nitakuwa nimemaliza yangu, nimeketi. Si ni kumwongezea mzigo?"

Nilidhani ni hekima. Sasa nadhani ulikuwa woga uliovaa nguo nzuri, na hata yeye aliujua.

Kilichombadilisha kilitokea mlangoni kwangu. Ilikuwa siku ya soko, karibu saa sita. Mwalimu alikuwa amesimama na chai yake, akiangalia barabara. Mzee mmoja wa shuka nyekundu alitoka duka la dawa za mifugo upande wa pili, fimbo mabegani, mikono ikining'inia juu yake. Sikuhitaji kuambiwa. Nilikuwa nimekaa na ule uso miaka kadhaa kwenye kompyuta yangu.

Watoto wa shule walikuwa wanapita. Mmoja akasimama, akamvuta mwenzake.

"Si huyo ni Kolong?"

"Ni yeye. Angalia kovu."

Wakaanza kumwita. Kolong, Kolong. Haikuwa kwa ubaya sana. Walikuwa wanacheka, na mmoja alitoa simu ampige picha. Mzee alisimama. Aliwatazama kwa lile jicho lililofumba nusu, kama mtu anayejaribu kukumbuka kama anawajua. Kisha akaondoa fimbo mabegani, akaishusha chini, akaanza kuitumia kutembea kama wazee wengine. Akaondoka hivyo, akiwa amebadilisha mwendo wake ili asitambulike.

Mwalimu aliona yote. Chai ilimwagika kwenye kiatu chake, hakuhisi.

"Wamelipata wapi hilo jina?" nilisema, kwa upumbavu tu, kwa sababu nilitaka mtu aseme kitu.

"Mimi nimempa," akasema.

Hakuja dukani kwa muda mrefu baada ya hapo. Sura za kila mwezi zikakoma. Vijana walikuja kuuliza, nikawaambia ni mgonjwa, na kwa kiasi fulani ilikuwa kweli. Mikono yake ilikuwa imeanza kutetemeka, na daktari alimwambia haitapona, itaongezeka tu.

Aliporudi alikuwa na bahasha nyembamba.

"Wale vijana walikuwa wanataka nini?" akaniuliza. "Ile wanaita nini?"

"Prequel, Mwalimu. Hadithi ya kabla. Wanataka kujua Kolong na Sirua walitoka wapi."

"Nitawapa."

Hiyo ndiyo hadithi ambayo sasa inasomwa kuliko ile ya kwanza. Aliichora karibu mwaka mzima, polepole, akishika mkono wa kulia kwa mkono wa kushoto. Ndani yake Sirua na Kolong ni vijana, wanalala chini ya ngozi moja, wanagawana maziwa kwenye kibuyu kimoja. Kolong hana kovu bado. Anasimulia, na Sirua anasikiliza akichora kwenye mchanga. Kuna ukurasa ambapo Kolong anampeleka Sirua kwenye chemchemi na kuwaambia wenyeji, huyu ni wangu. Mwalimu aliniambia nisibadilishe hata neno moja hapo.

Nilimwona akiwa na furaha akichora zile sura za mwanzo. Alicheka peke yake. Alinionyesha namna Lemayian alivyokuwa akitafuna jani wakati anasimulia, akalichora. Lakini kadiri hadithi ilivyosogea mbele alianza kuchelewa, kama mtu anayejua barabara inapoishia. Wasomaji walikuwa wakiuliza kila wiki, nini kiliwafanya wawe maadui? Wengi walikisia mwanamke. Wengine walikisia kiti cha ufalme.

Alichora sura ya mwisho kwa siku chache, haraka, bila kunionyesha. Nilipoifungua, nilikuta Sirua ameizungushia chemchemi miiba. Kolong amefika na watoto wenye midomo mikavu. Sirua amesimama ndani, hafungui. Ilikuwa imechorwa vizuri sana, na watoto wale wangemliza mtu yeyote.

"Tuweke mtandaoni?" nikamuuliza.

"Hapana. Mwenyewe aone kwanza."

Tulienda Bisil kwa gari la mume wangu, mimi nikiendesha. Mwalimu alikaa na bahasha mapajani. Tulipopita soko la mifugo alifunga macho. Nyumbani kwa Lemayian palikuwa mwendo wa dakika chache kutoka barabarani, nyumba ya mabati na boma la miiba kando yake, boma kubwa kwa kondoo wachache waliokuwamo.

Mzee alikuwa ameketi nje kwenye kigoda. Alituona kutoka mbali, hakusimama.

"Sopa," Mwalimu akamsalimu.

"Ipa," akajibu.

Mke wa Lemayian alituletea viti na chai ya maziwa. Nilikunywa. Mwalimu alishika kikombe, kikawa kinagonga meno yake, akakishusha. Alikuwa ameketi, na mimi sikuwa nimewahi kumwona amekaa akinywa chai.

"Kunywa," Lemayian akasema. "Chai haina kesi."

Akanywa. Kisha akatoa karatasi, akampa, kwa mikono miwili. Hakusema neno la msamaha. Nilikuwa nimejiandaa kulisikia.

Lemayian alisoma tangu mwanzo. Alisoma kama mtu aliyesoma shule, kidole chini ya maneno yangu. Mara moja alitoa sauti kidogo puani, kwenye lile jani. Alipofika kwenye miiba alikaa hapo.

"Huyu wa ndani ni nani?"

"Ni mimi."

"Watu watajua?"

"Nitaandika jina langu mbele. Niseme ni mimi."

Lemayian akageuza karatasi, akarudi tena. "Na hawa watoto ni wa nani?"

Mwalimu aliinama kuwatazama.

"Mimi sikuja kwako na watoto. Watoto wangu walikuwa shule. Umeweka watoto ili watu walie." Alisema bila kupaza sauti. "Nilikuja na ng'ombe. Wako wapi?"

Nilitazama karatasi juu ya goti lake. Ni kweli. Hakukuwa na ng'ombe hata mmoja, katika hadithi nzima.

"Sikuweza kuwachora," Mwalimu akasema.

"Wewe? Ulinichora mimi mpaka kovu."

Kondoo mmoja alikohoa. Kisha Mwalimu akageuza ule ukurasa wa mwisho, upande mweupe, akauweka juu ya bahasha, akatoa penseli. Mkono ulitetemeka vibaya. Nilisogea nimshikie.

"Mwache," Lemayian akaniambia. "Mama, mwache achore."

Akaanza kuwataja. Mugie, yule wa hudhurungi, mwenye pembe moja iliyoinama mbele ya jicho. Sampu, wa michirizi, aliyependa kutembea pembeni. Keri, mwenye madoa, na ndama wake wa kwanza. Mwalimu alichora. Mistari ilikwenda kwa kuyumba, na ng'ombe wakatoka wembamba, kama walivyokuwa. Lemayian alikuwa ameinama karibu, akimsahihisha. Huyo shingo yake ilikuwa fupi. Huyo hakuwa na nundu hivyo. Futa. Mwalimu akafuta, akachora tena. Karatasi ilipojaa nikampa nyingine kutoka kwenye mkoba wangu, na nyingine. Kurasa hizo zimo kitabuni sasa, vile vile, na mitetemeko yake yote. Mwalimu hakunipa nizisafishe.

"Yule wa mwisho," Lemayian akasema, "alikuwa na mimba. Alilala nje ya lango, akiangalia maji."

Akamchora amelala.

"Lango," Mwalimu akauliza, "nilichore vipi?"

"Lango unalijua wewe."

Alilichora limefungwa. Aliuchora mnyororo, kisha kufuli, kila pete ya mnyororo peke yake, akipumua kwa mdomo. Upande wa ndani akamchora mtu amesimama. Hakumpa mkuki wala macho ya huruma. Alikuwa mtu tu, mpira wa kumwagilia ukiwa mkononi. Alipomaliza aliweka penseli chini, na machozi yalikuwa yanashuka bila yeye kuyafuta.

Lemayian alimtazama yule mtu kwa muda mrefu.

"Ulikuwa na sweta," akasema. "Ya vifungo."

"Ndiyo," Mwalimu akasema. "Nilikuwa nayo."

Akaiokota penseli, akaanza kuichora, kifungo kwa kifungo.